Raba za Mhitaji Asiyetaka Kutajwa Jina

Jumamosi, 29 Machi 2025

Jumuiya imesali kwa Mama Ottilia, saa kumi na mbili asubuhi. Mvua, matope, watu kumi na tisa. Baada ya sala, chai. Hapo ndipo Mwalimu Ida aliponimaliza bila kunitaja jina. Ida ni mtu wa Bukoba, alihamishiwa hapa Mbinga mwaka jana, anafundisha jiografia. Alisema wanaume wa mji huu ni watu wazuri, ila wanavaa kana kwamba nguo wameachiwa na baba zao. Kina mama wakacheka. Nami nikacheka, huku nimeweka kikombe mapajani kujificha, kwa sababu suruali niliyovaa niliachiwa na baba yangu.

Kibaya zaidi, akatoa mfano wa mtu anayejua kuvaa: Nathaniel wa Liuli, yule mwenye kirikuu, kigari cha mizigo kinachopandisha dagaa kutoka ziwani. Mwanglikana! Hata jumuiya yetu siyo yake.

Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Mimi Evarist, miaka arobaini na moja, karani wa mizani katika chama cha wakulima wa kahawa, katibu wa jumuiya, sijaoa. Jumatatu ya Pasaka binamu yangu Loveth anaolewa huko Liuli. Nataka Ida aende na mimi. Siyo tukutane huko. Ashuke kwenye gari na mimi, akae kando yangu, na shangazi zangu wote waone. Zimebaki wiki tatu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimesoma kwenye simu kutwa nzima. Msimu wa kahawa bado, mizani imelala, hakuna aliyenisumbua. Nimejifunza mengi. Mshono wa bega ukae begani. Suruali iishie kwenye kifundo cha mguu, isijikunje juu ya kiatu kama pazia. Kiatu kiwe raba ya ngozi, nyeupe, isiyo na maandishi makubwa wala taa. Ukiwa na raba nzuri, wanasema, hata fulana ya kawaida inaheshimika. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Mshono wa bega langu uko jirani na kiwiko.

Jioni nikampelekea fundi Emiliana suruali ya baba aipunguze. Aliishika kiunoni, akainyoosha kwa mikono miwili, akaita wenzake waje kuiona. Alisema kupunguza anaweza, ila mifuko miwili ya nyuma itakutana iwe mmoja. Kisha akashusha macho kwenye viatu vyangu, mokasini kuukuu. Alizitazama tu, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatano, 2 Aprili

Magunia ya nguo za Kwaresima yako chumbani kwangu. Kila mwaka Mama Ottilia anapita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo za kuwagawia wahitaji, na mimi ndiye mtunzaji kwa sababu mlango wangu una kufuli mbili. Leo nilifungua gunia la tatu ili kuhakiki. Kuhakiki ni kazi ya katibu.

Ndani, jinzi ya bluu iliyokoza. Chini yake, raba! Nyeupe, za ngozi, kisigino kijani, soli imeshonwa, siyo ya kubandika kwa gundi. Namba arobaini na mbili. Mimi ni arobaini na mbili. Nilizijaribu ili nijue kama zina tatizo. Hazina tatizo. Jinzi nayo ilikaa kiunoni bila mkanda, ikaishia pale pale inapotakiwa kuishia. Nilisimama mbele ya kioo kwa muda ambao ningemaliza rozari nzima.

Mimi siyo mwizi. Nimeweka suruali ya baba na mokasini zangu ndani ya gunia, kisha nikalipeleka kazini nikalipima. Uzito haukupungua, umezidi ule niliouandika siku ya kulipokea kwa gramu mia tatu. Halafu nikaandika kwenye daftari la jumuiya: jinzi moja na raba jozi moja zimetolewa mapema kwa mhitaji asiyetaka kutajwa jina. Nimeisoma mara mbili. Ni sentensi nzuri, ina huruma.

Jumapili, 6 Aprili

Siku ya kwanza hadharani. Nilitembea jiwe kwa jiwe kukwepa matope, nikafika kanisani wakati wa Injili. Haidhuru. Kuchelewa kulisaidia, maana nilipita katikati na kila mtu akaniona.

Ida aliniona! Alianza kwenye raba, akapanda taratibu kwenye jinzi, akafika usoni. Akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Macho yake yalikuwa na machozi, sitanii. Sikujua kama nguo inayokaa vizuri ina nguvu kiasi hicho. Baada ya Misa alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninakula vizuri. Tangu mama yangu afariki hakuna mwanamke aliyeniuliza hivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Ida amekuja nyumbani! Ameniletea ndizi, kaniandalia na karanga kabisa. Akaketi, akaangalia huku na huku, akaniuliza kama paa linavuja. Akauliza nina mablanketi mangapi. Akauliza kama chama kinatulipa miezi isiyo na kahawa. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni kusukuma tu siku, tunamshukuru Mungu. Mwanamke anayeuliza habari za paa na mablanketi anafikiria kuhamia.

Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikamwambia habari za harusi. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisema atafurahi kunisindikiza, na kwamba itanisaidia sana kutoka kidogo na kukaa na watu. Nathaniel, kwisha habari yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumegawa nguo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika Hamphrey, mlinzi wa ghala letu la kahawa. Kila Jumatatu anashuka kwa miguu kutoka Kitura, kijijini kwake mlimani, kila Jumamosi anapanda kurudi. Aliomba kitu kimoja tu, viatu. Mama Ottilia alipekua magunia yote, akatoka na mokasini zangu.

Hamphrey alizivaa pale pale. Ya kulia ilifungua mdomo. Akatoa kamba ya katani mfukoni, akaizungusha mara tatu, akafunga fundo. Kisha akaja kwenye meza kunishukuru mimi, kwa kuwa mimi ndiye katibu. Nilirudisha miguu yangu chini ya kiti. Sikupenda jinsi nilivyojisikia, kwa hiyo nikaendelea kuandika majina.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu. Niandike haraka nimalize.

Asubuhi nilisikia wimbo wa Kwaresima unakuja kwenye kichochoro changu. Nikatoka. Jumuiya nzima, mishumaa mkononi, na nyuma yao kirikuu cha Nathaniel kimebeba unga, mablanketi na mabati mawili. Nathaniel mwenyewe alikuwa na mfuko wa unga begani, na bado shati halijamchomoka. Majirani wakaja mpaka mlangoni. Mama Ottilia akafungua daftari la jumuiya akasoma sentensi yangu kwa sauti. Akaisoma tena.

Kisha akaeleza. Jinzi na raba vilitolewa na Ida, ni vya mdogo wake aliyeingia jeshini. Jumapili Ida alizitambua raba kwa kile kisigino cha kijani, akaelewa mhitaji asiyetaka kutajwa jina ni nani: ni katibu wetu, aliyetuandikia shida za wengine miaka saba na akashindwa kuandika jina lake mwenyewe. Watu wakalia. Mama Ottilia akalia. Ndizi, paa, mablanketi, yote nikayaelewa kwa mpigo mmoja, nikatamani ardhi inimeze na mabati yale juu yangu.

Ningesema nini? Nilikuwa na njia mbili, mwizi au maskini. Nikachagua maskini. Niliinamisha kichwa, nikapokea unga. Nathaniel alinipa mkono akasema inahitaji ujasiri mwanaume kukubali kusaidiwa. Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo sitamsamehe.

Jumatatu, 14 Aprili

Hamphrey alipita kwangu akitokea Kitura. Alisimama mlangoni na ile kamba ya katani imelowa matope. Habari zimemfikia. Alikuwa amebeba maharage ya wiki nzima, kutoka kwenye ngoro zake, yale mashimo anayolima mlimani. Akayamimina nusu kwenye sufuria yangu. Alisema, Katibu, sisi wenye shida tusioneane haya.

Nikayapokea. Kwa nini niliyapokea? Kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Nimeyapika, yameiva vizuri, na nimeyafunika bila kula. Mimi ni mtu mbaya. Sijawahi kuandika hivyo kuhusu mimi mwenyewe, na nimejaribu kuifuta ila nimetumia kalamu ya wino.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kuungama. Foleni ndefu, kila mtu amekumbuka dhambi zake wiki hii. Nilipiga magoti, na miguu yangu ikabaki nje ya pazia, raba zikiwatazama watu wote wa foleni, Ida akiwa wa nne. Nikamwambia Padre nimechukua kitu kidogo kisicho changu. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema jozi moja.

Malipizi ni mawili, na yote kabla ya Pasaka. La kwanza, viatu vimfikie aliyestahili. La pili, niliowadanganya niwaambie ukweli. Nilimwuliza kama inaweza kuwa rozari badala yake. Haiwezi.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

La kwanza nimelitimiza! Nimepanda Kitura na raba ndani ya mfuko, mimi mwenyewe kwa kandambili. Njia ni ndefu na ina utelezi, sikujua. Nilianguka mara mbili. Hamphrey alizishika raba muda mrefu kabla ya kuzivaa, akasema huyu wa kulia na huyu wa kushoto ni ndugu kweli. Mkewe alileta kigoda nikae. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nikasema zinanibana.

Nilirudi matope magotini, moyo mwepesi kama mtoto wa komunyo ya kwanza. La pili, Ida, nitalitimiza kesho. Ila kesho ni Pasaka, siyo siku ya kumharibia mtu furaha. Nitamwambia keshokutwa, njiani.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Ida alikuja stendi amependeza. Aliniangalia miguuni, akaona kandambili, akaniuliza raba ziko wapi. Nikamwambia nimempa Hamphrey. Ni ukweli mtupu, neno kwa neno. Kwa bahati mbaya ulikuwa ukweli usiofaa. Alianza kulia pale stendi, akalia mpaka tulipoliona ziwa. Kila nilipofungua mdomo kumweleza yaliyobaki, aliufumbata mkono wangu ndani ya mikono yake. Niliuacha hapo.

Tukashuka kwenye gari pamoja. Akakaa kando yangu. Shangazi wote wakaona, hata Shangazi Margareta aliyesema mwaka juzi kwamba nitazikwa na mizani. Kwa dakika kama arobaini nilikuwa na kila nilichotaka.

Halafu Ida akamsimulia shangazi. Shangazi akamsimulia mshereheshaji. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akawasimulia watu mia tatu habari za mhitaji aliyetoa viatu vyake pekee kumpa mhitaji mwenzake, na yupo hapa, asimame tumwone. Nikasimama. Watu wakainuka vitini kutazama kandambili zangu. Sasa, nikajiambia, Evarist, sasa. Naapa nilifungua mdomo.

Nathaniel akatoka upande wa bwana harusi. Alikaa mchangani mbele ya watu wote, akavua raba zake mpya, za ngozi ya kahawia, kazi safi kabisa, akaziweka mbele ya miguu yangu. Vigelegele vikapasua turubai. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Ukauliza ni namba ngapi.

Arobaini na mbili. Zinanikaa vizuri kuliko zile za kwanza.

Nathaniel alicheza peku mchangani. Ida alimtazama kidogo, akampelekea maji, akabaki huko huko. Walicheza pamoja mpaka keki, na baada ya keki pia. Shangazi Margareta alikuja kuniuliza yule dada niliyekuja naye yuko wapi. Nilimwonyesha kwa kidole. Nilikaa na raba nzuri kuliko zote ukanda mzima wa ziwa, chini ya meza, hakuna aliyeziona. Niliona haya kwa kila kitu nilichowahi kukifanya tangu tarehe mbili, na nikafikiri sana, kwa unyofu, kosa langu lilikuwa wapi.

Ni shati. Mtu hana hata viatu na bado anapendeza: kwa vyovyote ni shati.

Walipokuwa wanaondoka, Ida ameshakaa kiti cha mbele cha kirikuu, nilimfuata Nathaniel upande wa dereva. Nikamsubiri amalize kufunga mlango. Kisha nikamwuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu mwenye shida, shati lake ni saizi gani.