Mdogo Wangu Zenon Asivishwe Nishani

S.L.P. 14,
Nova Dolyna,
Manitoba.

9 Februari

Mwenyekiti,
Kamati ya Nishani ya Sanaa za Nyika,
Winnipeg.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: PINGAMIZI LA NISHANI YA ZENON HNATIUK, MNAYEMWITA ZANE NASH

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mabomba ya nyumbani kwako hayajaganda. Yetu yaliganda Jumatatu, na mume wangu Gordon bado yuko chini ya sakafu na tochi.

Nimesoma gazetini kwamba mwezi ujao Kamati yako tukufu itamvisha mdogo wangu nishani kwa kuwa ni "mwigizaji, mwongozaji na mwandishi wa filamu, msanii wa fani zote." Mimi ni dada yake mkubwa, Orysia Hnatiuk, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, niliyekuwa mkuu wa posta ya hapa kwa miaka thelathini na minne. Nilimfundisha Zenon kufunga kamba za viatu. Sina kinyongo naye hata chembe. Ninaandika kwa nia njema, kama mtu anayemgongea jirani mlango kumwambia paa lake linafuka moshi. Fani zake nimezihesabu, ni tatu, na kila moja imenijeruhi. Nazieleza hapa kwa utaratibu.

1. KUHUSU UIGIZAJI WAKE

Mama yetu ana miaka tisini na minne. Akili yake ni timamu kuliko yangu na yako, ila jambo moja hakubaliani nalo, nalo ni filamu. Yeye anashikilia kwamba mtu ukimwona kwa macho yako akifukiwa udongo, huyo amezikwa, na anayebisha ana matatizo ya macho.

Sasa Zenon amekufa kwenye televisheni mara kumi na tisa. Amepigwa risasi, amezama ziwani, ameanguka ghorofani, ameliwa na dubu. Kila akifa, mama hujifunga kitambaa cheusi, huchemsha ngano na asali ya matanga, kisha hunituma kwa Padre Slavko. Mara ya saba Padre aliniuliza:

"Dada Orysia, huyu nilimwombea pumziko la milele mwezi wa kumi. Amerudi lini?"

"Hakurudi, Padre. Wakati ule alikuwa polisi. Safari hii ni mwizi."

"Mwambie mama yako kanisa linamzika mtu mara moja tu."

Nilimfikishia mama ujumbe. Mama akanirudisha na wa kwake, kwamba padre aliyechoka kusali akauze matrekta. Padre akasali.

Katika miaka arobaini Zenon amekuwa Mmarekani, Mrusi, mlevi wa Kiayalandi na daktari wa Kijerumani. Mtu wa Manitoba hajawahi kuwa. Akipiga simu Jumapili, mama huuliza kwanza, "Leo ni nani anayezungumza?"

2. KUHUSU UONGOZAJI WAKE

Miaka saba iliyopita alikuja nyumbani kuongoza filamu iliyotakiwa kuonekana ni Kansas ya Marekani, kwenye joto la mwezi wa Julai. Alikuja mwezi wa Machi. Malori yakazoa theluji yote ya barabara kuu, wakatandika majani ya plastiki, nasi wanakijiji tukatolewa nje na mashati ya mikono mifupi, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kabla ya kila tendo tulipewa vipande vya barafu tumumunye, ili midomo ipoe na pumzi zetu zisionekane kama moshi. Nilikuwa na miaka sitini na minne, Ndugu Mwenyekiti. Nilimumunya.

"Tabasamu, shemeji! Ni kiangazi!" Zenon alimpigia Gordon kelele kwa kipaza sauti.

"Kiangazi cha wapi, shemeji? Masikio yangu siyasikii!"

"Usiyashike! Watu wa Kansas hawashiki masikio!"

Gordon alikohoa hadi Pasaka. Kikohozi ningekivumilia. Tatizo ni kwamba alipenda. Tangu siku ile mwanamume huyu, aliyeishi miaka sitini akifanya kila kitu mara moja na vibaya, anataka kurudia. Anaingia mlangoni, anasema, "Kuna kahawa?" Hajaridhika. Anatoka kwenye baridi, anaingia tena, na safari hii anavua kofia kwanza. Ugonjwa huo ulienea hadi kwenye ukumbi wa mchezo wetu wa baridi, ule wa kusukuma mawe kwenye barafu. Katika mashindano na kijiji jirani, vijana wetu walisukuma jiwe moja mara tatu wakaomba lihesabiwe lile lililopendeza. Tulifukuzwa kwenye ligi.

Na nisisahau hili. Kijiji chetu kimewahi kuwa Kansas, kimewahi kuwa Siberia, na mwaka mmoja kilikuwa Polandi wakati wa vita. Hatimaye ikaja filamu inayohusu Manitoba yenyewe. Wakubwa wake walifika, wakatembea huku na huku, wakasema samahani, hapa hapafanani na Manitoba. Wakaenda kuipigia picha Hungaria.

3. KUHUSU UANDISHI WAKE

Hapa nakuomba ukae kitako.

Filamu mnayompongezea aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, akaigiza mwenyewe. Inahusu familia yetu. Ndani yake yumo dada wa posta, mwanamke mchungu kama shubiri, anayefungua barua za watu kwa mvuke wa birika. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za Kamati kwamba sijawahi kutumia mvuke. Wakati wa baridi gundi ya bahasha hujiachia yenyewe, na mtu mwenye macho hawezi kulaumiwa kwa kuona.

Hilo nilimsamehe. Nisilomsamehe ni kifo cha baba yetu, mzee Petro.

Kwenye filamu, mwana anaendesha gari kutoka magharibi usiku na mchana katikati ya dhoruba ya theluji. Anafika hospitali. Anapiga magoti, anaushika mkono wa baba. Mzee anafumbua macho, anasema, "Kila mtu na shamba lake, mwanangu. La kwako umelilima vizuri." Kisha anakata roho, na vinanda vinalia. Ilipoonyeshwa hapa kijijini, ukumbi mzima ulilia. Doreen, muuzaji wa duka la ushirika, alikuwa amekaa kando yangu, akanilowesha mkono wa koti.

Ukweli ni huu. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, miaka tisa iliyopita. Mama alikuwa nyumbani na mafua, daktari alimkataza kuja. Zenon alikuwa Vancouver, huko magharibi, amelala juu ya meza ya mochwari katika tamthilia ya wapelelezi, maiti. Aliyeushika mkono ni mimi. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, baridi ambayo gari usipolichomeka kwenye umeme injini inageuka jiwe. Baba alifumbua macho, akanitazama vizuri tu, akasema, "Orysia, gari umelichomeka?"

Nikasema, "Nimelichomeka, Baba."

Akasema, "Haya." Akaenda zake.

Basi. Hapakuwa na kinanda.

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kununua unga. Doreen akaanza, "Lakini Zenon ana bahati, Orysia! Kufika kwa wakati namna ile! Kwani wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Kwenye filamu, dada yuko nje kwenye ujia, anagombana na muuguzi.

"Nilikuwa nimemshika mkono," nikamwambia.

Akanipapasa bega. "Ndiyo, mpenzi. Sote tulimshika, moyoni."

Mama naye sasa huwasimulia wageni habari za siku ile Zenon alipompigia baba yake magoti. Nikimwambia, "Mama, Zenon hakuwepo," hunijibu, "Wewe tangu utotoni una wivu."

Lakini siandiki kwa ajili ya Doreen wala mama. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naosha vyombo, nikataka kumkumbuka baba alivyokuwa siku ile. Akaja. Alikuwa yule mwigizaji wa Toronto aliyemwigiza kwenye filamu, mwenye meno mazuri. Baba yangu hakuwa na meno, Ndugu Mwenyekiti. Nikafumba macho nikajaribu tena, akaja yule yule na meno yake. Niliacha sahani kwenye maji nikakaa chini. Mtu akikuibia ng'ombe unaweza kufuata kwato zake kwenye theluji. Hiki alichochukua Zenon nikakitafute wapi?

4. KUHUSU NINACHOOMBA

(a) Nishani isitolewe. Kumvisha mtu huyu nishani ni kumvisha kilemba cha ukoka, tena na pini.

(b) Ikishindikana, apewe kwanza jukumu moja ambalo hajawahi kulijaribu, aigize mwana wa mama yetu, Paraska Hnatiuk, majira mazima ya baridi, hapa kijijini. Atazoa theluji, atampeleka mama kliniki, atamkata kucha za miguu. Akifaulu, mpeni hata mbili.

(c) Hilo nalo likishindikana, nishani nipewe mimi. Usicheke. Kama sifa ni fani zote, basi nihesabiwe zangu. Kwa uigizaji, nimeigiza mtu asiyechoka tangu mwaka baba alipougua, na hakuna aliyegundua. Kwa uongozaji, namwongoza mama, vidonge sita kwa siku, na hakuna nyota wa filamu mwenye makuu kama yake. Na kwa uandishi, nakiri jambo ambalo Gordon mwenyewe halijui. Zenon alikuwa akisahau siku ya kuzaliwa ya mama. Kila mwaka niliandika barua kwa jina lake, nikaigonga mhuri kazini, nikaupakaza mhuri kwa kidole gumba ili jina la mji lisisomeke, kisha nikaitembeza mwenyewe hadi mlangoni kwetu. Barua ishirini na nane. Najua ni kosa kisheria. Mama anazo zote kwenye kopo la biskuti, na huwasomea wageni kwa sauti. "Sikilizeni mwanangu anavyoandika!" husema. Kisha hunigeukia. "Wewe Orysia hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja."

Nadhani Kamati imenielewa.

Nimalizie kwa kuwatakia kikao chema na barabara zisizoteleza. Unisalimie wajumbe wote, katibu, anayechapa mihtasari, na wapishi wa hafla. Gordon anawasalimu kutoka chini ya sakafu. Mama naye anawasalimu, ingawa hajui nawaandikia nini.

Wako katika kuitetea haki,

Orysia Hnatiuk
(Mkuu wa Posta, Mstaafu)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliona si uungwana kumchongea mtu bila yeye kujua. Nikampigia Zenon simu, nikamsomea barua hii yote, isipokuwa habari za kopo la biskuti.

"Dada," akasema, "yale maneno ya shamba ni yako."

"Yangu vipi?"

"Ulinipigia simu siku ile. Nilikuwa bado nimepakwa rangi ya maiti usoni. Nikakuuliza, alisema nini? Alinitaja? Ukaniambia, alisema kila mtu na shamba lake, na la kwako umelilima vizuri."

Ndugu Mwenyekiti, nilikaa kwenye ngazi. Ni kweli. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa hospitali, muuguzi anaitaka simu yake nami namfokea aniache, na huko upande wa pili mdogo wangu analia kama alivyolia siku trekta lilipomkanyaga mbwa wetu. Ningemwambiaje kwamba baba hakumtaja? Nikatunga. Nilitunga pale pale, nimesimama, bila kalamu.

"Maneno hayo yamenibeba miaka tisa," Zenon akasema. "Nilidhani ukiyasikia utafurahi kwamba nimeyatunza."

Akaniuliza basi baba alisema nini hasa. Nikamwambia. Nikamsikia anacheka, kicheko kile cha puani kama cha baba, na nami kikanishika, hadi mama akaita kutoka chumbani, "Nani huyo kwenye simu?"

"Ni Zenon, mama!"

"Yupi?"

"Wetu!"

Barua naituma hata hivyo kwa kuwa stempu nimeshaibandika, na mimi sijawahi kupoteza stempu ya serikali. Ila maombi yangu yote nayafuta. Mpeni nishani yake. Tutakuja watatu, mtutafutie viti karibu na mlango kwa ajili ya mama. Na mkifika kwenye sifa za uandishi, tafadhali atakayezisoma asiharakishe.