A Sita na Nafasi ya Ishirini na Tatu

Jumapili, 2 Februari

Orodha imetoka. Fiona wangu ni wa kumi na nne. Trevor wa Kwamboka, yule wa kanisani kwetu, ni wa tisa. Wa tisa! Mtoto ambaye kila asubuhi anaingia basini viatu mkononi.

Shule ilishasema: mtoto wa mfanyakazi ataendelea gredi ya kumi na moja akiwa katika kumi bora mwezi wa sita. Asipofika, kiti kinakwenda kwa mwingine na Fiona anarudi Nyamira kwa mamangu. Mimi nibaki Doha nikihesabu watoto wa watu kwenye basi la shule namba saba. Nilimzaa nikiwa kidato cha pili. Tumekua pamoja, mimi na yeye. Kulala nyumba ambayo hayumo? Hapana.

Nimekagua ripoti. A nne, B mbili. B zote zimetoka madarasa ya juu, yale ya masomo magumu zaidi, kemia na hesabu. Adui ni madarasa ya juu. Nina mpango.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeenda kwa Bwana Herbert, mshauri wa masomo. Mganda, mpole, Kiswahili chake kinatembea kama mtu mwenye viatu vipya. Nikamwambia amtoe Fiona madarasa yote manne ya juu, ampeleke ya kawaida. Akauliza kama nina hakika. Akachukua kalamu, akaanza kuchora pointi, eti Mama Fiona, kaa kwanza nikuonyeshe. Huko nje Benard akapiga honi. Benard ni mume wangu na ndiye dereva wa basi langu, na honi yake haina mapenzi. Nikatia sahihi, nikashuka ngazi. Bwana Herbert alikuwa bado anaongea.

Kwetu A ni A. Ya kuchora ni nini tena?

Jumatano, 5 Februari

Fiona haniongeleshi. Jana aliniuliza mara moja tu: Mathe, umenitoa kemia kweli? Kwenye darasa jipya wanapaka atomu rangi. Nikamwambia apake vizuri.

Halafu hili. Kiti cha nyuma basini, Fiona na Trevor, vichwa pamoja, makaratasi yanapita chini kwa chini. Barua za mapenzi! Gredi ya kumi! Nimemhamisha Trevor mbele, kando ya yule mtoto wa chekechea anayetapika kila tukifika raundabauti ya pili. Leo hajaniangusha. Ametapika kwa wakati.

Ijumaa, 7 Februari

Kanisani Mesaimeer. Nilikuwa nimejiapia kunyamaza. Wakati wa ushuhuda miguu ikasimama yenyewe. Nikasema ninamshukuru Mungu kwa imani, kwamba binti yangu tayari yuko katika kumi bora. Vigelegele! Kwamboka ni nesi, anauliza maswali kama anakutafuta mshipa. Aliitikia amina kubwa kuliko ya mchungaji. Kwenye foleni ya chai akaniambia hongera dadangu, na hiyo orodha inatoka lini vile? Nikasema tarehe kumi na sita. Akaiweka kwenye simu, na kengele juu.

Jumapili, 16 Februari

A sita! Sita! Nimeibusu ripoti mbele ya Benard. Kisha nikaona nafasi.

Ya ishirini na tatu.

Nikageuza karatasi. Bado.

Nikapanda kwa Bwana Herbert mbiombio. Akatoa ile michoro yake, alikuwa ameihifadhi. A ya darasa la kawaida ni pointi nne. A ya darasa la juu ni tano, na B yake ni nne. Yaani zile B mbili nilizozichukia zilikuwa na uzito sawa na A hizi nilizozibusu, na zile A mbili za juu nimezishusha mwenyewe kwa sahihi yangu. Wastani ulikuwa nne nukta tatu. Sasa ni nne kavu. Trevor ana B tatu, zote za juu, na amepanda hadi wa nane.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema, kwa upole ule ule unaouma, kwamba aliniambia. Tarehe tatu, nikiwa kwenye ngazi ya nne.

Anaweza kumrudisha, lakini Fiona apite mtihani wa kemia na hesabu Alhamisi. Wiki mbili za masomo zimempita.

Kwamboka ametuma ujumbe. Alama ya kuuliza, basi.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwomba Fiona msamaha huku namsuka. Ni rahisi zaidi ukiongea na kisogo. Akasema hakulilia nafasi, alililia kemia yake. Kisha akavuta faili chini ya mto. Masomo yote ya wiki mbili, mwandiko wa Trevor. Ndizo zile barua za mapenzi! Tangu nimhamishe amekuwa akizipitisha kwa watoto, kiti hadi kiti, chini ya pua yangu. Karatasi moja ina doa. Sikuuliza.

Trevor amerudishiwa kiti cha nyuma. Nimempa na mandazi.

Jumapili, 9 Machi

Fiona alipita! Yuko kwenye madarasa yake, anaimba bafuni. Orodha mpya imetoka leo: wa kumi na moja. Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama kati ya mwanangu na kiti chake.

Bwana Herbert amenisihi. Mama Fiona, tafadhali, usifanye kitu. Mtoto anapanda mwenyewe, mwache hadi mwezi wa sita. Safari hii nilikaa. Nikasikiliza kila neno, hasa pale aliposema kwamba darasa lolote la juu lina ile pointi moja zaidi.

Lolote!

Kiarabu cha juu kina nafasi moja. Ni darasa la watoto wa hapa hapa, waliozaliwa nacho mdomoni. Fiona anajua shukran, yalla na khalas. Si pa kuanzia hapo? Nimetia sahihi. Bwana Herbert akainuka, akachukua kalamu, akasema kaa kwanza. Benard akapiga honi. Nilipofika ngazi ya nne alikuwa bado anaongea.

Ijumaa natoa ushuhuda.