Mashine ya Korosho ya Karani wa Mpapura

Jumatatu, 5 Novemba 1973
Barua imefika ghalani. Bwana wa viwanda vidogo anakuja Jumamosi kutoka mjini. Serikali imechoka kuuza korosho na maganda yake. Sasa zibanguliwe huku huku, na kijiji kimoja kitapewa kituo. Nimeisoma mara nne. Kituo kinahitaji mkuu. Mimi ni karani wa ghala, nimemaliza darasa la nane, napiga chapa kwa vidole viwili. Nani mwingine?

Jana, baada ya misa, mke wangu Sabina alificha mikono ndani ya khanga watu walipokuwa wakisalimiana. Miaka mitatu anabangua kwa rungu na jiwe. Mafuta ya maganda yamembabua vidole vyote, vimekuwa vyeusi. Iliniuma sana. Nitaunda mashine.

Jumanne, 6 Novemba
Michoro tayari! Magogo mawili ya mninga, yanazungushwa kwa pedali za baiskeli. Korosho inaingia juu, inatoka uchi chini. Sabina akauliza baiskeli ya nani. Yetu, nikamwambia. Akaitazama baiskeli kama anayeiaga.

Alhamisi, 8 Novemba
Thabiti, fundi baiskeli, alikuja kuangalia. Alicheka mpaka akakaa chini. Eti mashine yangu itasaga, haitabangua. Wivu! Kisha akaniazima mnyororo. Wivu wa ajabu.

Jirani yetu Bibi Mwasiti, aliyewafundisha kina mama wote hapa kubangua, naye alipita na ushauri. Korosho zikaangwe kwanza, na mikono ipakwe majivu, maana majivu hunywa mafuta. Nilimshukuru kwa heshima zote. Kukaanga kunakula nusu siku. Hizi ni zama za mashine!

Ijumaa, 9 Novemba
Usafi. Mgeni hawezi kukuta vilima vya majivu uani kama nyumba ya msiba. Nimefagia yote, nikayatupa shimoni, nikamwagia maji juu. Sabina akauliza sasa atajipaka nini. Nikamwambia sabuni ipo.

Jumamosi, 10 Novemba
Mgeni alifika saa nne, shati jeupe. Kijiji kizima uani kwetu. Nikapanda, nikakanyaga. Korosho ya kwanza ikasagika. Ya pili pia. Nikaongeza kasi. Mafuta yakaruka: shati la mgeni, na mikono yangu yote miwili. Moto! Nilipiga kelele mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Watu wakaita majivu, majivu! Uani kwetu hapakuwa na hata chembe. Nikanawa kwa sabuni, mafuta yakapanda mpaka viwikoni.

Bibi Mwasiti alikimbia kwake, akarudi na sinia la majivu na korosho alizokwisha kukaanga. Alinipaka mimi kwanza, kama mtoto mchanga, ndiyo maana jioni hii bado naweza kushika kalamu. Kisha akakaa, akabangua thelathini, zote nzima. Mgeni akaacha kufuta shati, akamwuliza shida ya kazi hii ni nini. Akajibu ni mikono, akamwita Sabina aoneshe yake. Sabina akaitoa kwenye khanga mbele ya watu wote. Nilitaka kulia, na si kwa sababu ya mafuta.

Jumatatu, 26 Novemba
Leo anaandika Sabina, maana mikono yangu bado imefungwa. Kituo tumepewa! Mkuu wake ni Bibi Mwasiti. Mgeni ametuma glavu za mpira jozi ishirini, na Thabiti anatengeneza vikaangio vya mapipa. Vidole vya Sabina vimeanza kuota ngozi mpya. Jana, nje ya kanisa, alimpa padri mkono. Nilimwona. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yetu.

Ni wazi kwamba mashine yangu ndiyo iliyomshawishi mgeni. Anarudi mwezi ujao. Mashine ya pili itaendeshwa kwa pikipiki. Mgeni anayo. Kabla hajafika, majivu yote uani yafagiwe.

Hayo nimeyaandika kama alivyosema mume wangu. Mimi sifagii.