Bupe Anagombea Udada Mkuu

Jumatatu, 5 Agosti

Nina nyota kali. Naandika hivyo bila aibu. Lori liliacha njia Kitonga, mimi Isakwisa nilikuwa nimeshuka kujisaidia. Wenzangu walivunjika miguu, mimi nafunga zipu! Tairi likipasuka barabara kuu hapa Nyololo, linapasukia mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha, utadhani nimelituma. Nimezaliwa Iyunga, nimefika Ndola, nimefika Lubumbashi, na shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu mwenyewe. Karibu hiari.

Leo kikao cha wazazi sekondari. Mwalimu Matilda, mlezi wa klabu ya mazingira, katueleza kuwa mwaka huu dada mkuu hatapatikana kwa maksi wala kwa urefu. Wamependekezwa wasichana wawili. Kila mmoja anapewa kazi ya kujitolea, aiongoze na wanafunzi wenzake, halafu shule nzima ipige kura. Akasema uongozi haufundishwi ubaoni. Mtoto anaupata kwenye klabu, uwanjani, kwenye kazi ambayo hakuna anayemlipa. Nikapiga makofi. Peke yangu. Kisha akasoma majina. Frida wa Silvester. Na Bupe. Bupe wangu!

Frida kapewa usafi wa zahanati. Bupe kapewa kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka miti ya misindano ya shule. Kazi nzito hiyo. Agosti hii upepo unavuma kama una ugomvi na mtu. Moto ukitoka mashambani ukaingia kwenye ile misindano, shule haipo.

Silvester, mwenye yadi ya mbao, akacheka. Ananiita shemeji kwa sababu nimeoa kwao Ubena, ila anavyolitamka utadhani ni jina la ugonjwa. Akanipa pole mbele ya wazazi wote. Akasema shemeji, huyo binti yako hata akikanyagwa haongei, ataongoza nani?

Ukweli ni kwamba hapo ndipo panaponiuma. Bupe ni mpole mno. Anaongea kama anaomba chumvi kwa jirani. Nikasimama, nikatangaza kwamba mwanangu anashinda, anayebisha ainue mkono. Mikono iliinuka. 

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda shuleni kukagua gurudumu la toroli. Hakuna aliyeniita. Toroli lenyewe zima. Ila ukisimama pale stoo, misindano yote unaiona.

Balaa! Klabu nzima wamekaa chini. Na Bupe kakaa! Vitoto vya kidato cha kwanza vinabishana, hiki kinataka kuanzia juu, hiki kinataka bondeni, yeye anasikiliza tu na kutikisa kichwa. Hakuna hata jani lililokatwa. Mwishowe kitoto kimoja chenye sauti ya mnadani kikasema upepo unatoka bondeni, basi tuanzie bondeni. Bupe akakubali, akakikabidhi kamba ya kupimia. Kamba! Akakipa yeye kamba! Mimi nimeona wakuu wa misafara ya malori kule Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Mkuu anafoka kwanza, kazi inafuata.

Jioni nikampa mafunzo uani. Mkono kiunoni. Sauti itoke tumboni. Nikafoka mfano mmoja, kuku wa jirani wakaruka ua. Bupe alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimefaulu. Halafu akaacha kucheka. Akasema, kwa ileile sauti ya kuomba chumvi, kwamba jambo hili analitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Kazi yenyewe ni Jumamosi. Akasema baba, nakuomba usije.

Nikaahidi. Ningefanyaje? 

Ijumaa, 9 Agosti

Habari mbaya sana. Kijana wa bodaboda kaniapia kwamba amewaona wafanyakazi wa Silvester wakiingia zahanati na ndoo za chokaa. Silvester anamfanyia mtoto kazi! Mchafu yule! Na mbona hili halikunijia mimi kwanza?

Nikawaza mpaka nikaunguza kiraka. Halafu jibu likashuka. Mgowe! Huku ukweni, mtu mwenye shamba kubwa anapika pombe, anaita majirani, wanakuja na majembe, wanalima kwa nyimbo, wakimaliza wanakunywa. Mimi nimeahidi kwamba MIMI siendi. Habari za majirani Bupe hakuzigusa.

Nimezunguka mitaa yote. Kamwene huku, kamwene kule, kwa salamu yao ya Kibena. Kesho asubuhi, misindano ya shule, pombe ya komoni ipo ya kutosha. Wameitika wote, hadi mzee mmoja ambaye hajashika jembe tangu apate wajukuu.

Mke wangu Yusta, Mbena wa kuzaliwa, akaniuliza nani ataifungua hiyo komoni. Nikamjibu kwamba ndoo ina mfuniko, mfuniko unafunguka. Akasema baba Bupe, mgowe una mwenyewe. Aliyeita ndiye anayesimama mbele, anaonyesha mpaka wa kazi, anaonja wa kwanza. Bila yeye hakuna anayeinua jembe. Nikamwambia mtu aliyevuka mpaka wa Kongo hawezi kushindwa na ndoo. Akanitazama kama anatazama gari linalorudi nyuma kuelekea ukutani.

Jumamosi, 10 Agosti

 

Nimeshinda kibandani asubuhi nzima, kama nilivyoahidi. Masikio yote kwenye misindano. Nilitegemea nyimbo za kulima. Nikasikia nyimbo, ndiyo, ila za watu waliokaa.

Yusta alikuwa amepeleka uji wa wanafunzi. Karudi kanisimulia, kila neno kofi. Umati ulifika. Wakauliza mwenye mgowe yuko wapi. Hayupo. Basi wakakaa kumsubiri. Kwa adabu kabisa! Wamekaa juu ya njia ileile inayotakiwa kufyekwa, ndoo za komoni katikati, wanafunzi wamesimama na mafyekeo hawana pa kukanyagia. Upepo ukaanza. Ng'ambo ya bonde kuna mtu alikuwa anachoma mabua, moto ukamzidi, moshi ukapanda. Mwalimu Matilda akatokea, akaona pombe ndani ya eneo la shule, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Aliyesimama ni Bupe. Na hakufoka! Aliwaamkia wazee, mmoja mmoja. Akasema mwenye kazi ni klabu, na klabu imemweka yeye mbele, kwa hiyo wakimtafuta mwenyewe ndiye huyu. Kufyeka ni kazi ya wanafunzi, wameomba wenyewe. Pombe irudi kwa baba yake, wainywe huko wakitoka. Ila ule moshi unataka watu wazima, na wenye nguvu ndio hawa waliokaa hapa.

Wakatazamana. Yule mzee wa wajukuu akasema haya, mwenyewe kasema. Wakainuka na majembe yao, wakavuka bonde, wakauzima moto. Wanafunzi wakafyeka njia mpaka mwisho.

Baadaye umati wote ulihamia kwangu. Wameimba mpaka kompresa ikahama. Nilianza kufurahi. Kisha Bupe akapita mbele ya kibanda, majivu usoni, hakunisalimia. Komoni ikawa chungu ghafla.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Matilda kabla hajaniita.  Asipomfuta Bupe kwenye kura leo kwa ile pombe, hatamfuta tena. Nilikuwa tayari kumwambia adhabu ya mtoto nipewe mimi, hata kama ni kupiga magoti paredi.

Nani nimemkuta kwenye benchi la nje? Silvester! Viatu vina chokaa. Kakamatwa! Nikamwambia pole shemeji. Sikumbuki lini neno limenitoka tamu vile.

Mwalimu hakumfuta mtoto yeyote. Kura iko palepale, Ijumaa. Akasema watoto hawana kosa, wenye kosa ni wazazi, basi na wazazi wajitolee. Silvester atang'oa visiki vilivyobaki kwenye njia ya moto, chini ya Bupe. Mimi nitasafisha zahanati, chini ya Frida. Akasema labda tutajifunza kuongozwa, maana kuongoza kumetushinda. Silvester akameza mate. Mimi nikameza na ya akiba.

Jumatano, 14 Agosti

Frida ni mkali, ila ana haki. Kanikuta nimeegemea fagio namsimulia mgonjwa habari za Lubumbashi. Akasema shikamoo baba Bupe, vyoo vya nje navyo vinakusubiri. Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa.

Lakini wanafunzi walikuwepo wengi, kidato cha kwanza na cha pili. Wapiga kura! Na kura keshokutwa! Nikiwaza Bupe anasimama kule mbele anaomba kwa ile sauti yake, jasho linanitoka. Ningenyamazaje? Nikawapitia mmoja mmoja na ndoo yangu. Nikawaambia mchagueni Bupe, mkimchagua mmenipata na mimi. Nitakuwa shuleni kila asubuhi. Nitaonja uji wao. Nitapanga mistari ya paredi kama msafara wa malori. Atakayechelewa nitamfuata hadi kwao. Walinisikiliza macho yamewatoka, hakuna aliyepumua. Nimewashika!

Jioni Silvester kapita kibandani, viganja vimetoka malengelenge. Nikamchokoza, nikamuuliza bosi wake hajambo. Hakucheka. Alisema Bupe alimwona amechoka, hakumwaibisha mbele ya watoto, akampa kazi ya kuonyesha wenzake namna ya kushika shoka. Akaniaga. Akaniita shemeji kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nimeogopa. Silvester akiwa mpole kuna kitu kinakuja.

Ijumaa, 16 Agosti

Frida kashinda.

Nimekalia tairi, wateja nimewaacha wasubiri. Mimi! Kanieleza Bupe mwenyewe, amesimama na sare yake. Kura chache tu ndizo zimewatenganisha. Aliwauliza wenzake, wakamwambia bila kificho. Kidato cha tatu walimpa karibu wote, klabu walimpa wote. Walioanguka ni wa chini, wale wa zahanati. Wamesema Bupe wanampenda, ila dada mkuu wanamtaka mmoja, na huyu anakuja na baba yake kila asubuhi.

Akalia kidogo. Mimi nikalia sana. Ikabidi yeye aninyamazishe, akanipigapiga mgongo kama mtoto mchanga, na wateja wanaangalia. Nikamwomba msamaha. Akasema sawa baba. Akasema njia ya moto ipo, na hiyo hakuna atakayeipigia kura. Frida keshamwomba asimamie kazi zote za kujitolea. Na klabu imemteua kwenda kambi ya vijana, Mbeya, likizo fupi ya Septemba.

Halafu akanishika mkono. Baba, huko usije. Nikaahidi, na safari hii nimeahidi kwa moyo wote.

Kambi yenyewe iko Iyunga, kwetu hukohuko Mbeya. Mdogo wangu Ezekia anakaa Iyunga. Nimempigia kabla Bupe hajafika nyumbani, nikamwambia aulize kama kambi inahitaji mlinzi. Aingie yeye. Mimi sitaingia, nitakaa ng'ambo ya barabara tu, na pampu yangu, nazibia watu pancha. Mtoto ni mpole yule! Nani atamsikia huko kwenye watu wengi?

Ezekia kakata simu. Nimepiga tena. Kazima.

Na hiyo nyota niliyojisifia, sina. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.