Haki za Kikatiba za Pikapu Yangu

Barabara ya Kinu cha Kale,
Kaunti ya Ashwell,
South Carolina.

Kwa Bwana Haldane Crouse, Mkuu wa Polisi wa Kaunti,

YAH: PIKAPU ILIYO MAHABUSU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto. Mimi ni Cornelius Purifoy, mwalimu mstaafu. Nilikufundisha darasa la saba, kwa hiyo najua kwamba kusoma unaweza. Naomba usome hadi mwisho.

Mwezi uliopita askari wako, Dwayne Stroud, alinisimamisha karibu na kanisa letu, akamzungusha mbwa kando ya pikapu yangu. Mbwa akaketi. Nimeelezwa kwamba mbwa wa polisi akiketi, amenusa dawa za kulevya. Pikapu ikapekuliwa, hakikuonekana kitu, nayo ikachukuliwa vivyo hivyo. Nilipouliza kosa langu, Stroud alinijibu kwa upole, "Mzee, wewe huna kesi. Kesi ni ya gari." Nilidhani kijana ananitania, mpaka ilipofika hati ya mahakama: Jimbo la South Carolina dhidi ya Pikapu Moja ya Kijani.

Sipingani na sheria. Ila kama mshtakiwa ni pikapu, basi Katiba ya Marekani na ifuatwe. Malalamiko yangu, au tuseme yake, ni haya:

1. Pikapu hiyo imebeba nguruwe wa kuchoma wa sherehe zote za kanisa tangu mchungaji aliyepita akiwa kijana. Mafuta na mchuzi wa haradali vimeiingia hadi kwenye vyuma. Mbwa wenu alipomaliza kuketi, alilamba bampa. Bwana Crouse, ni dawa gani ya kulevya inayolambwa hivyo, tena kwa macho yaliyofumbwa? Mshtakiwa ana haki ya kukabiliana na shahidi. Pikapu inaomba mbwa aletwe mbele ya jaji.

2. Haijapewa wakili. Haki ya kunyamaza, nakiri, imeitumia vizuri kuliko mshtakiwa yeyote wa kaunti hii.

3. Kama mshtakiwa mwingine yeyote wa nchi hii, inadai kuhukumiwa na jopo la wenzake: pikapu kumi na mbili, zenye umri na kutu kama yake.

4. Yule bwana aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala la jirani yake yuko nje kwa dhamana. Jana tulisalimiana dukani. Pikapu yangu iko nyuma ya seng'enge, na hakuna aliyenitajia dhamana.

5. Ofisi yako ikishinda kesi, itaiuza pikapu na kubaki na sehemu kubwa ya mapato. Mimi nilipowanyang'anya gololi darasani, niliwarudishia mwisho wa muhula. Mshahara wangu ungalitokana na gololi zile, kusingalikuwa na mfuko wa mtoto ambao nisingaliutilia shaka, wako ukiwa wa kwanza.

6. Anayeweza kuwa mhalifu anaweza pia kuwa raia. Pikapu ilizaliwa kiwandani Michigan, hapa hapa Marekani, umri wa kupiga kura iliupita zamani, na haijawahi kupatikana na hatia. Nimeomba iandikishwe. Na kwa kuwa cheo chako kinapigiwa kura mwezi wa Novemba, itakigombea. Dada yangu Arletha amekwisha kuamua: "Mimi naipa kura yangu. Angalau yenyewe inanifikisha kliniki. Haldane amenifikisha wapi?"

7. Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Figo za Arletha zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki ni lazima afike mjini kusafishwa damu, na huku kwetu hakuna basi. Majirani wamempeleka mpaka sasa tukiwasalimu wanatazama pembeni. Yeye hakushtakiwa, mimi sikushtakiwa, ila adhabu tunaitumikia sisi. Katiba inasema kwamba mtu hatanyang'anywa mali yake bila utaratibu wa haki wa sheria. Kifungu hicho ulikikariri mbele ya darasa bila kosa hata moja, nami nikakupa alama zote. Nilidhani umekielewa.

Kwa hiyo naomba pikapu iachiliwe mara moja, iombwe radhi kwa maandishi, na tangi lake lijazwe.

Msalimie mkeo, wasalimie wanao, na Stroud pia, kwani alinifungulia mlango nilipokuwa nikishuka. Mbwa naye msalimie. Yeye alitenda kama mbwa.

Wako katika sheria,
Cornelius Purifoy

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, nimeona tangazo la mnada wenu wa Jumamosi. Kuna gari la buluu mlilomchukulia kijana wa Bibi Gadsden, ambaye naye hakushtakiwa kwa lolote. Arletha ana kliniki Jumatatu. Naomba uniwekee gari hilo kando kabla halijapata mnunuzi mwingine. Kuhusu haki zake za kikatiba, sitauliza. Ila ikiwezekana lipakwe rangi nyingine kwanza, kwa sababu Bibi Gadsden huketi mbele yetu kanisani.