Ombi la Kura Kuhesabiwa Kuanzia Namba Mbili

Cygnet, Tasmania
Jumatatu, siku ya tisa baada ya uchaguzi

Kwa Mhariri,
Gazeti la Bonde.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepona tangu ulipoteleza kwenye maonyesho ya tufaha. Mimi si mzima, na kisa chenyewe ndicho hiki ninachokuandikia.

Mimi ni Mervyn Tatnell, mkulima wa tufaha, niliyekuwa mgombea binafsi wa Bunge la kisiwa chetu katika jimbo la Franklin. Najua unanifahamu. Naandika jina langu kamili kwa sababu redio ilipotangaza matokeo ililitamka mara moja tu, tena mbiombio, ikapita kwenda kwenye hali ya hewa. Niligombea kwa jambo moja: uwanja wetu wa mpira upate choo cha wanawake, maana mpaka leo kila mechi akina mama wanavuka barabara kwenda kumpigia magoti mwenye baa. Kati ya wagombea thelathini na mmoja, mimi ndiye niliyetolewa wa kwanza. Nina hasira na ninaona haya, na sijui lipi limezidi. Naomba ukurasa wako wa barua niyaeleze malalamiko yangu kwa mpangilio na kwa heshima zote.

1. Kwamba hesabu huanza na namba moja.

Wasomaji wako wanaujua mfumo wetu wa uwiano kuliko wanavyozijua sala zao, lakini nautaja kwa faida ya wale waliohamia kutoka bara, ambao bado wanashangaa. Jimbo moja, viti saba. Mpiga kura hachagui mtu mmoja. Huwapanga watu, moja, mbili, tatu, mpaka saba kwa uchache. Aliyefikisha kiwango amepita, na kura zake za ziada zinagawiwa wengine. Asipokuwepo wa kupita, anatolewa aliye chini kabisa, na karatasi zake zinapelekwa kwa yule aliyeandikiwa mbili, na hivyo hivyo mpaka viti vijae. Ndiyo maana tunafundishwa tangu shule kwamba hapa kura haipotei. Nililiamini neno hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kampeni yangu yote niliijenga juu ya namba mbili.

Sikufanya hivyo kwa ujinga. Kisiwa chetu ni kidogo na kila mtu ana binamu kwenye karatasi. Ukimwomba mtu namba moja yake unamgombanisha na shangazi yake, naye shangazi ndiye anayeleta keki siku ya Krismasi. Kwa hiyo nilibisha hodi nyumba kwa nyumba nikasema kwa adabu kwamba namba moja najua ina mwenyewe, mimi nifikiriwe kwa ya pili. Hakuna aliyenikatalia, Ndugu Mhariri. Watu walifurahi mpaka wakanikaribisha chai. Mwenye bucha aliacha kisu akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Merv, wewe ndiye mbili wangu, tena mbili wa kutoka moyoni." Niliandika majina yote kwenye daftari. Ni watu elfu moja mia tisa na arobaini. Mabango yangu nayo uliyaona, uliyachapa wewe: TATNELL, MBILI WAKO.

Siku ya kuhesabu nikapata namba moja themanini na saba. Zile mbili zangu hazikufunguliwa hata kidogo, maana kisheria namba mbili haisomwi mpaka namba moja afe au ashibe, na mimi nilikwisha kutolewa nje kabla hajafa mtu. Naomba kuuliza, huu ni uwiano wa kitu gani na kitu gani?

2. Kuhusu Bi. Noeleen Direen.

Bi. Noeleen ni mfuga nyuki wa ng'ambo ya mto, naye pia alikuwa mgombea binafsi. Sina ugomvi naye. Asali yake ni safi na mama yake alikuwa rafiki wa mama yangu. Lakini yeye alipata themanini na nane. Alinizidi kura moja.

Sasa tuhesabu pamoja. Laiti wangemtoa yeye kwanza, karatasi zake themanini na nane zingekuja kwangu karibu zote, kwa sababu wateja wake wa asali walikuwa wameniahidi mbili mmoja mmoja, nami daftari ninalo. Hapo ningempita yule bwana wa boti, atolewe yeye, na mbili zake zije. Kisha mwalimu mstaafu, na mbili zake. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hesabu zangu, kufikia Alhamisi ningekuwa nimekaa Hobart kwenye kiti cha ngozi nikizungumzia choo. Haya yote yamezuiwa na kura moja. Mimi nafungasha tufaha, na sijawahi kuona mnunuzi akirudisha sanduku zima kwa sababu limepungua tunda moja.

3. Kwamba majina huzungushwa.

Kama ujuavyo, karatasi zetu hazichapwi sawa. Kwenye hii Tatnell yuko juu, kwenye ile yuko katikati, kwenye nyingine yuko chini kabisa karibu na jina la mpiga chapa, ili asipatikane mtu wa kufaidi nafasi ya juu. Nia ni njema. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini hawakusema anayengoja naye azungushwe. Nataka ichunguzwe ni watu wangapi walionikusudia wakakosa kuniona. Mama mmoja mwenye mtoto wa jicho ameniambia alinitafuta kwenye karatasi yake mpaka akachoka akampa namba moja mtu wa chama asichokipenda, kwa sababu jina lake lilikuwa fupi.

4. Kuhusu wewe mwenyewe.

Hili nalisema kwa uchungu. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, kwenye foleni ya soseji pale shuleni, mkono mmoja umeshika mkate na mwingine umenishika bega, uliniambia kwamba mimi ni wako wa pili baada ya mpwa wa mkeo. Mpwa wa mkeo ana miaka ishirini na minne na alikuwa akigombea ili aonekane na wasichana. Amepata kura elfu tatu.

5. Kuhusu ukumbi wa kijiji chetu.

Hapa ndipo penyewe, na ningependa uchape sehemu hii kwa herufi nene. Matokeo hutangazwa kituo kwa kituo. Kwenye ukumbi wetu walipiga kura watu mia mbili na kumi na wawili. Katika mstari wa jina langu imeandikwa tarakimu moja, nayo ni moja.

Mimi na mke wangu Glenys tulipigia kura hapo, siku hiyo hiyo, kwenye vibanda vinavyopakana, kwa penseli zilizofungwa kwa uzi. Kura ni moja na sisi tulikuwa wawili. Hesabu hii haihitaji msomi.

Lazima niseme kwamba asubuhi ya uchaguzi nilimuuliza Glenys ataniweka namba ngapi. Hakuinua macho kwenye fumbo la gazeti lako. Alisema, "Si umebandika bango kwenye lango langu la mbele? Nitasoma bango." Nilidhani ni mzaha. Matokeo yalipotoka nilimuuliza tena, kwa upole, akaniambia kura ni siri, kisha akamimina chai kwenye kikombe chake peke yake. Tangu siku hiyo tunazungumza kwa kupitia mbwa. Ananiambia kupitia mbwa kwamba nyama iko kwenye friji, nami namjibu kupitia mbwa kwamba nimeiona. Mbwa mwenyewe amechoka.

Tumeoana miaka thelathini na minane. Kutolewa na jimbo ni jambo la umma, mtu anaweza kulizoea. Kuwa wa pili kwenye meza yangu mwenyewe kumeniuma, na nimeshindwa kulizoea. Wakati mwingine naangalia mgongo wake akiwa kwenye sinki najiuliza ni nani aliyempa hiyo moja, na sipati wa kumdhania isipokuwa yule mwalimu mstaafu, ambaye ana nywele zake zote.

Kwa sababu hizo, naomba gazeti lako liwashinikize waheshimiwa wapya, watakapokwisha kuapa, wapitishe yafuatayo.

(a) Kura za Franklin zihesabiwe upya kuanzia namba mbili. Namba moja zitunzwe pembeni, zitumike tu panapokuwa na sare.

(b) Ikishindikana, Bunge letu la viti thelathini na vitano liongezewe cha thelathini na sita, akikalie mtu aliyependwa na wengi zaidi baada ya mwingine. Kiti hicho kinaweza kuwekwa nyuma kidogo. Mimi si mtu wa makuu.

(c) Sheria hiyo ienee mpaka kwenye shindano la jamu katika maonyesho ya tufaha, ambako nimekuwa wa pili miaka kumi na moja mfululizo, na majaji wanajua wenyewe kwa nini.

(d) Siri ya kura iondolewe kwa wanandoa wanaotumia birika moja.

(e) Cheti cha ndoa kiwe na nafasi saba, kijazwe kwa penseli mbele ya mashahidi, bibi arusi na bwana arusi kila mmoja kwa zamu yake, ili mtu ajue mapema yuko namba ngapi na nani atapokea karatasi zake akitolewa. Kama jambo hilo lingefanyika miaka thelathini na minane iliyopita, leo nisingekuwa nikikusumbua wewe na mbwa.

Naamini utalipokea ombi langu kwa uzito wake. Nisalimie mkeo, mpwa wake mheshimiwa mtarajiwa, wapiga chapa wako wote, mwenye bucha, akina mama wa uwanja wa mpira ambao bado wanavuka barabara, na Bi. Noeleen na nyuki wake, ambao nao hawana kosa.

Ndimi wako mtiifu, na wa pili kwa wengi,
Mervyn A. Tatnell

Tanbihi: Nilikwenda kibandani kutafuta bahasha, na niliporudi nilimkuta Glenys ameshaisoma barua hii, miwani ameiweka juu yake. Yafuatayo nayaandika akiwa ameketi mbele yangu. Amesema barua itumwe yote pamoja na haya, au isitumwe, na stempu ameshailamba yeye.

Amezungumza nami moja kwa moja, bila mbwa. Amesema, "Ile kura moja pale ukumbini ni yangu." Nikamwambia mbona alisema angesoma bango. Akajibu, "Nililisoma. Miaka yote hii, Merv, lini uliniona nikifuata maelekezo yako?" Kisha akaniuliza swali ambalo jimbo zima halijawahi kuniuliza: ikiwa ile moja ni yake, yangu iko wapi?

Ndugu Mhariri, mimi nilijiandika mbili. Ndivyo nilivyolelewa, mtu hajipakulii wa kwanza, na chema chajiuza. Namba moja nilimpa Bi. Noeleen kwa kumhurumia, maana nilidhani hatafikisha hata hamsini. Na ile moja ya ukumbini, siku zote hizi tisa nilidhani ni ya Trevor wa posta, ambaye hajawahi kusoma maelekezo ya kitu chochote. Glenys yeye alijua tangu matokeo yalipotangazwa. Aliona ile tarakimu moja, akaijua kuwa ni yake, akaelewa mumewe alikuwa amemchagua mtu mwingine, kisha akaulizwa na mume huyo huyo kwa nini amemsaliti.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayaondoa, pamoja na maombi (a) mpaka (e). La choo libaki. Katika ukumbi ule walikuwemo watu wawili tu ambao wangeweza kuniweka wa kwanza bila kumuudhi binamu wala shangazi. Mmoja aliniweka. Mwingine alikuwa mimi.