Anayekuja Mwisho Hukaa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepokonywa chumba cha juu! Kapewa Bi Cherehani, mama wa mume wa mjukuu wangu, aliyeingia jana na mashine yake ya kushonea na masanduku matatu. Chumba hicho kimepakana na cha mtoto atakayezaliwa wiki hii. Mimi niliyemlea mjukuu tangu ananyonya nimebaki chini, ukuta mmoja na jiko. Eti magoti yangu. Magoti ni yangu, mbona hayakuulizwa?

Nikambana mjukuu. Anafanya kazi maabara, anachunguza bongo za panya, jinsi zinavyojijenga tumboni mwa mama. Akacheka, na tumbo likacheka naye. Akasema bibi, hata ubongo ndivyo ulivyo. Seli zake huzaliwa ghorofa ya chini. Mama mmoja, lakini asubuhi huzaa wa kazi hii, jioni wa kazi ile. Waliotangulia hukaa chini. Wanaofuata hupanda kamba, huwapita wakubwa zao, hukaa juu yao.

Huwapita wakubwa bila hata shikamoo! Huo ubongo umelelewa na nani?

Lakini nimepata njia. Anayekuja mwisho hukaa juu. Basi nitaondoka, nirudi, niwe wa mwisho. Akili ni nywele, na zangu bado ndefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeaga. Niko kwa dada yangu. Kauliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja ili nirudi. Kanigusa paji la uso, kuona kama nina homa.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi. Bi Cherehani kanifungulia mlango, akanikaribisha kama mgeni. Mgeni, mimi! Chumbani kwangu kaweka meza ya kukatia vitambaa, na kitanda changu kimejaa pamba ya mito. Nikadai haki yangu ya aliyekuja mwisho. Hakuna aliyenielewa. Nimepewa kochi.

Mjukuu kaja kunipoza. Kasema ziko seli nyingine hazizaliwi hapo kabisa. Huzaliwa mtaa wa pili, hutembea mwendo mrefu, huingia ubavuni, hujipenyeza katikati ya wenyeji. Kazi yao ni kuwaambia wenzao tulia, nyamaza. Bila wao ubongo mzima ungepiga kelele kwa pamoja, mtu akaanguka kifafa. Nikasema huyo ni mimi. Bi Cherehani, kwenye ngazi, akasema la, huyo ni yeye. Tumebishana nani mtuliza kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Habari mbaya. Mjukuu kasema seli nyingi zinazozaliwa hufa njiani. Nikauliza zipi. Zile zisizopata mwenzao wa kuzungumza naye. Chai ikanipalia.

Nikapanda kwa Bi Cherehani, ngazi moja moja. Si kwa mapenzi! Kwa usalama. Nikamkuta anapigana na sindano, uzi hauingii. Macho yake yamechoka. Yangu yanaona chawa kwenye kichwa cha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikamtungia sindano kumi na mbili. Naye ana magoti ya mbuzi: akashuka, akaondoa pamba yote kitandani kwangu, akarudi na chai. Kaniita dada. Nikamwambia nguo za mtoto kazishona vizuri, ila kola inafanana na mfuko. Kacheka hadi pini zikamtoka mdomoni.

Jumamosi, 8 Machi

Msichana! Kichwa cha mviringo, kilio cha ukoo wetu. Mjukuu kasema mle kichwani karibu wote wameshapanda, kila mmoja kwenye ghorofa yake. Nikamnong'oneza mtoto sikioni, wale waliobaki wawasalimie wakubwa wanapopita. Bi Cherehani analia. Nikamwambia anyamaze, kisha nikalia kumzidi.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Mjukuu kashonwa alipojifungua, ngazi haziwezi. Kitanda cha mtoto kimeshushwa, kimewekwa chumbani kwangu, hatua moja na mto wangu. Aliyekuja mwisho yuko chini! Nimemwambia mjukuu arudi maabara akawaulize tena wale panya, wamemdanganya. Bi Cherehani yuko juu, kapakana na chumba kitupu. Nimemwonea huruma. Nusu kijiko.

Nimekaa kutwa nzima nikisikiliza mtoto anapumua. Sina ninachotaka tena duniani.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimemkuta Bi Cherehani anafunga sanduku. Eti anakwenda kumwona ndugu yake, atarudi keshokutwa. Tena anatabasamu! Anadhani sijui? Mbinu hiyo niliivumbua mimi! Akirudi atakuwa wa mwisho kuja, na mimi nitakuwa wapi?

Mjukuu kasema bibi, tulia, mtoto yuko hapo hapo kando yako, unataka nini tena. Maskini. Kusoma kote huko, na jambo dogo hivi halimwingii.

Nimeshafunga kikapu. Nimembusu mtoto kwenye kisogo. Dada aandae kiganja, paji la uso naja nalo.

Bi Cherehani anarudi Alhamisi. Mimi Ijumaa!